Mtaka Kasha Sharti Ainame

Anayeingia duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja, hulitazama kasha la njumu kwa mpangilio anaoutaka muuzaji: kifuniko kwanza, kisha uso wenye misumari ya shaba na mabamba yaliyokatwa maua, halafu bei. Uchambuzi huu unakwenda kinyume chake. Tunaanza chini ya kasha, tunapita ubavuni, na uso tunauacha mwisho. Anayelizeesha kasha jipya humaliza juhudi zake pale macho ya mteja yanapotua. Kwingine hakumlipi, na huko ndiko ukweli unakobaki.

Makasha haya ni zao la biashara ya Bahari ya Hindi. Mengi yalitengenezwa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi yaliyofuata pepo za msimu. Wauzaji wa Unguja na Lamu bado huyataja kwa miji hiyo, na mengine huyaita ya Kishirazi. Ndani yake ziliwekwa nguo, hati na dhahabu, na bi harusi alikwenda na kasha lake kwa mumewe. Ndiyo maana hadi leo ni zawadi ya harusi inayotamaniwa. Mafundi wetu nao wanayatengeneza, kwa hiyo la babu na la mwezi uliopita husimama dukani bega kwa bega.

Mwombe mwenye duka kwa adabu: "Mzee, naomba tuligeuze." Mwenye kasha la kweli hatachukia. Pitisha kiganja kwenye mbao za chini. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina michirizi iliyonyooka isiyolingana, mmoja mzito, mwingine mwepesi. Msumeno wa mviringo huacha alama zilizopinda kama upinde, kwa nafasi sawa. Alama hizo peke yake hazithibitishi ulaghai, kwa kuwa mashine nazo zina umri wake, lakini zinatosha kukataa bei ya kitu cha miaka 200. Ukikuta plaiwudi, basi ama kasha ni jipya, ama sakafu yake imebadilishwa, na bei lazima iseme hivyo.

Halafu tazama jinsi mbao zilivyonywea. Ubao hupungua upana kadiri miaka inavyopita, ila urefu wake haubadiliki sana. Kwenye kasha la kale utaona nyufa zinazofuata mishipa ya mbao, mianya kati ya ubao na ubao, na pembe ambazo meno yake yamechomoza kidogo. Kasha lililobana kila upande, bila ufa hata mmoja, linahitaji maelezo.

Alama ninayoiamini kuliko zote iko ubavuni, chini ya kishikio cha shaba. Kila kasha lilipobebwa na kutuliwa, kishikio kilidondoka na kugonga ubao palepale. Baada ya vizazi kadhaa, mgongano huo huchimba tao jembamba lenye kingo laini, lenye rangi ile ile ya ubao unaolizunguka. Nyanyua kishikio, kiachie polepole, uone kama kinaangukia ndani ya tao lake. Tao lililochongwa kwa patasi lina kingo kali na kitako cheupe. Na kama tao lipo lakini kishikio hakilifikii, kishikio hicho kimehamia kutoka kwingine.

Sasa skrubu. Yenye alama ya msalaba kichwani ilianza kuuzwa miaka ya 1930, hivyo haiwezi kuwa ya asili kwenye kasha linalodaiwa kuwa la enzi ya Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Lakini usiwe na pupa: angalia kama pembeni yake kuna tundu la zamani lililozibwa. Likiwepo, ni matengenezo tu. Misumari ya shaba nayo, kama ilitengenezwa kwa mkono, haitafanana vichwa, na chini ya kingo zake utakuta uchafu mkavu na kutu ya kijani isiyofutika kwa urahisi.

Mbinu za kuzeesha zinajulikana: rangi ya viatu, chai nzito, mafuta machafu, mbao kupigwa kwa mnyororo. Dawa yake ni kitambaa cheupe chenye mafuta ya taa kidogo, kipitishwe mahali pa siri kwa ruhusa ya mwenye duka. Rangi ya viatu hutoka mara moja. Weusi wa mikono ya watu hukusanyika penye kushikwa, yaani ukingo wa kifuniko na kando ya kufuli, haujipaki sawasawa kila pembe.

Mwenye mfuko mdogo, asiyemudu kasha, atavutwa na sarafu ya reale ya Maria Theresa. Hapo mwaka ulioandikwa ndio mtego. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780, na tangu hapo sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa mwaka huo huo, Vienna na, kwa vipindi fulani huko nyuma, katika miji mingine kama London, Rome na Bombay. Kwa hiyo "1780" haikupi umri. Pima: iliyo halali ina gramu 28 na ushei, na ukingoni ina maneno ya Kilatini yaliyo wazi. Ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizofifia na mshono ukingoni.

Kabla ya kulipa, kumbuka sheria. Kenya hukihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inalinda hata milango iliyochongwa kabla ya 1940. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Zawadi yenye pembe ya ndovu iache, kwani itamletea matatizo unayempenda.

Nasisitiza: kasha jipya si aibu. Fundi aliyelichonga vizuri anastahili sifa na bei yake. Linapopakwa rangi ya viatu na kuitwa la kale, mnunuzi anaibiwa fedha na fundi anaibiwa kazi yake. Dai stakabadhi iliyoandikwa wazi: kitu ni kipya au cha kale, kimetengenezwa wapi, kimerekebishwa nini. Muuzaji anayekataa kuandika anachokitamka ameshakujibu. Funga pochi, nenda duka la pili.