Anno 1800: Meli Hairudi Tupu!

Jamani, kuna gemu! Mtu wa pwani ya kusini anayeijua mashua, ghala na bei ya samaki inayogeuka kati ya asubuhi na jioni, asipoicheza Anno 1800 atakuwa amejidhulumu mwenyewe. Nimeifungua hapa Msimbati, Mtwara, kwenye kompyuta mpakato, feni inanguruma, na hata nusu sijafika tayari natamani kijiji kizima kisikie.

Tuseme ukweli, si gemu mpya. Ilitengenezwa na Ubisoft Blue Byte wa mji wa Mainz, Ujerumani, ikatoka Aprili 2019. Ukoo wa Anno ulianza mwaka 1998 na Anno 1602, nao una utani wake: jumlisha tarakimu za 1602, 1404, 2070 au 1800, kila mara utapata 9. Lakini sisi wa huku gemu hutufikia zikishashuka bei, na hii inafaa kupokewa kama imetoka leo.

Kazi yako ni kujenga mji. Unaanza na wakulima, wanafuata wafanyakazi wa viwandani, kisha mafundi, wahandisi, na mwisho matajiri wawekezaji, na kila tabaka lina matakwa yake. Utamu uko hapa: hakuna kisiwa kinachojitosheleza. Hiki kinaotesha viazi lakini hopsi hakioteshi, kwa hiyo bia hakuna. Kile kina pilipili, chuma hakina. Utake usitake, utajenga gati kwenye kisiwa cha pili na cha tatu, uanze kusafirisha. Majumba ni mapambo tu. Gemu yenyewe ni njia za meli!

Fungua ukurasa wa njia za biashara uone. Unachagua vituo, unapanga meli, unasema ipakie nini wapi na ishushe nini wapi, tani ngapi. Kila chumba cha mzigo kinabeba tani 50: skuna ina vyumba 2, klipa 4, meli kubwa ya mizigo 6. Unaweza kuiamuru isubiri mpaka mzigo utimie, au, ikikuta ghala la huko limejaa, itupe baharini kilichobaki ili isikwame gatini. Huna meli? Kodi! Unalipa ada, na bidhaa moja inahamishwa kati ya visiwa viwili.

Nikupe mfano unaonikosesha usingizi: ramu. Mafundi wakishahamia mjini wanataka ramu, na miwa haioti Dunia ya Kale, ramani unayoanzia. Basi unavuka mpaka Dunia Mpya, ramani nyingine kabisa, unalima miwa, unajenga kiwanda. Kiwanda kimoja kinatoa tani moja kila sekunde 30. Piga hesabu: meli ikitumia dakika 20 kwenda na kurudi, itakuta tani 40. Hata chumba kimoja hakijajaa, na klipa ina vinne! Vingine visafirishe hewa? Hapana, unaongeza kitambaa cha pamba cha kushonea makoti ya manyoya. Mara unagundua kwamba Obreros, wafanyakazi wa kule, wanataka bia na cherehani kutoka kwako. Cherehani, jamani! Sasa meli inakwenda na cherehani, inarudi na ramu na pamba, na hairudi tupu hata siku moja. Mzunguko huo ukikaa sawa utainuka kitini upige makofi peke yako.

Halafu kuna upepo. Meli ya tanga ikipata upepo wa nyuma inachanja maji, ikiukabili inajikokota; ya mvuke haijali. Wazee wa Msimbati hawahitaji somo hilo. Kaskazi na kusi ndizo zilizopanga ratiba ya pwani hii tangu dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipanda hadi Kilwa, nguo na shanga zikishuka. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ule ulikuwa ukineemeka kwa njia hizo hizo. Hapo gemu imetupunja kidogo: upepo wake hubadilika ovyo, wakati wetu una msimu, na nahodha aliyechelewa kusi alikaa bandarini akiihesabu miezi.

Swali kubwa la Anno nalo tunalijua. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, inasafishwa Madimba na kwenda Dar es Salaam kwa bomba. Nyingine inawasha umeme wa Mtwara. Korosho inatoka kwa mkulima kwenda chama cha ushirika (AMCOS), ghala kuu, mnadani, kisha bandarini. Kiende kiasi gani, kibaki kiasi gani? Anno inakuuliza hivyo kila dakika. Ukiruhusu meli ipakie kila kitu, kisiwa kilicholima kitalala njaa, na gazeti la mji litakuanika. Tena gazeti hilo unaweza kulihariri kwa kutumia ushawishi wako! Na maharamia, Anne Harlow na Jean La Fortune, wanazivizia njia zisizo na ulinzi.

Kasoro zipo. Inataka kompyuta yenye nguvu, bando la kutosha kuipakua, na haina Kiswahili. Njia zikiwa nyingi, kuisaka meli moja kwenye orodha ni taabu. Nyongeza ya Land of Lions ya Oktoba 2020 inakupeleka Enbesa, nchi ya Afrika ya kubuni yenye sura ya Uhabeshi, na ni tamu: mifereji ya kumwagilia, chumvi, nyama iliyokaushwa, chai ya rozela. Lakini jahazi liko wapi? Nyumba ya mawe ya matumbawe iko wapi?

Hukumu yangu: inunue ikiwa na punguzo, na usihangaike na majumba ya kifahari kabla njia ya ramu haijatulia. Nanyi watengenezaji wa gemu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, Kilwa, Mikindani na Ibo ziko hapa, pamoja na upepo wake na bidhaa zake. Tutengenezeeni hiyo, tutainunua siku ya kwanza kwa bei kamili.