Utani na Bughudha: Uchambuzi wa Maneno ya Njiani kwa Mfano wa Pasua, Moshi

Miongoni mwa mila za watu wa Tanzania zilizowavutia wataalamu, utani una mahali pa mbele. R. E. Moreau aliuandikia katika miaka ya 1940, na baada yake wamekuja wengine walioeleza nani hutaniana na nani, tangu lini, na kwa sababu gani. Lakini neno lenyewe limepewa kazi nyingine ambayo haijatazamwa vya kutosha. Limekuwa ngao ya mwanamume aliyemtupia maneno mwanamke asiyemjua njiani. Aulizwapo kwa nini amefanya hivyo, jawabu lake ni moja: "Nilikuwa namtania tu." Na walio karibu, hata wale wasiopenda yaliyosemwa, hulikubali jawabu hilo, kwa kuwa utani ni jambo jema na hakuna apendaye kuitwa mtu asiyejua utani.

Makala haya yanakusudia kulipima jawabu hilo kwa kipimo cha utani wenyewe. Dai letu ni kwamba utani haujulikani kwa maneno ya msemaji wala kwa kicheko cha wasikilizaji. Hujulikana kwa hali ya yule anayejibu. Panapo ruhusa ya kujibu, pana utani. Pasipo ruhusa hiyo pana kitu kingine, nacho kinastahili jina lake.

Tumechagua Pasua kwa sababu mbili. Kata hii iko kusini mwa mji wa Moshi, upande wa kuelekea Mabogini na mashamba ya mpunga. Wakaao humo ni Wachagga walioteremka kutoka vihambani, Wapare, na watu wa makabila mengine waliofuata kazi na biashara mjini, na Kiswahili ndicho lugha yao ya pamoja. Basi kwanza, hapa utani wa kweli upo na kila mtu anaujua. Pili, maneno ya njiani nayo yapo, kama yalivyo katika kila mji wa nchi hii, na wasemaji ni wale wale. Ni mahali pafaapo kulinganisha.

Utani wa Mchagga na Mpare hauhitaji maelezo marefu. Mpare huambiwa ya kuwa yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mchagga naye huambiwa ya kuwa akifa, jamaa hudondosha sarafu karibu na kichwa chake ili wajue kama amekufa kweli, maana kama angali na pumzi hakika atafumbua macho. Maneno haya ni makali. Yanagusa kabila zima, yanagusa hata maiti. Hata hivyo hayaleti ugomvi, na wala si kwa sababu watu wa Kilimanjaro ni wapole kuliko wengine. Sababu ni kwamba utani una masharti yake.

Sharti la kwanza ni kujulikana. Mtani ni mtu wa kabila fulani, au wa ukoo fulani, au ni mjukuu kwa babu yake, au ni binamu, au ni shemeji. Uhusiano hutangulia, maneno hufuata. Sharti la pili ni kurudishiana. Aliyeanza hungoja jibu, na jibu likiwa kali kuliko maneno yake ndipo kicheko huwa kikubwa zaidi, naye hucheka pamoja na wengine. Sharti la tatu ni wajibu. Mtani huyo huyo anayekucheka ndiye atakayefika msibani kwako, akafanya kazi ambazo wenye msiba hawaziwezi, na kuwachekesha waliokata tamaa. Kwa ufupi, mtani ana ruhusa kwa sababu ana deni.

Sasa tutazame maneno ya njiani. Mwanamke apitaye penye kijiwe cha bodaboda, au msichana arudiye kutoka shule, huitwa kwa mbinja. Huitwa mrembo, mtoto mzuri, mchumba. Huitwa pia shemeji, na neno hili lahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwa watu wengi wa nchi hii shemeji ni mmoja wa wale ambao mila inaruhusu kutaniana nao. Basi mwanamume amwitaye mwanamke asiyemjua "shemeji" anaazima udugu usiokuwapo ili apate ruhusa ambayo udugu huo huileta. Anajua ya kuwa bila uhusiano hana haki ya kusema. Kwa hiyo huutunga uhusiano papo hapo, kwa neno moja, bila kumwuliza mwenziwe. Hapo sharti la kwanza limekwisha kuvunjwa, na aliyelivunja ameonyesha kwa kauli yake ya kuwa analijua.

La pili ni zito zaidi. Mwanamke yule ana njia tatu: kunyamaza, kujibu kwa upole, au kujibu kwa ukali. Akinyamaza, yule aliyemwita mrembo humwuliza anaringia nini, na sauti hupanda. Punde si punde mrembo amekuwa mbaya, amekuwa malaya, amekuwa mtu asiye na adabu. Akijibu kwa upole, upole wake huhesabiwa kuwa ni ridhaa, na maneno huongezeka. Akijibu kwa ukali, kama mtani angejibu, basi ametukana wanaume, na huenda yakamfika mabaya kuliko maneno. Hapana jibu moja kati ya matatu linalomwacha salama. Hapa ndipo tofauti inapoonekana wazi. Katika utani jibu ndilo linalongojwa, nalo huleta kicheko. Njiani jibu ndilo linaloadhibiwa, na hata kimya huadhibiwa. Mabadiliko yale ya ghafula, kutoka sifa hadi tusi, ndiyo ushahidi wetu mkubwa. Sifa ya kweli haigeuki kwa kukosa shukrani. Sifa inayogeuka ilikuwa madai tangu mwanzo.

Huenda msomaji akasema ya kuwa tunakuza jambo dogo. Ya kuwa vijana wamekuwa wakisema na wasichana tangu zamani, na bila hivyo hapangekuwa na ndoa. Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Lakini posa na mazungumzo ya vijana yana alama yake: msemaji hukubali kukataliwa. Huondoka na aibu yake kidogo, na kesho humwamkia yule msichana kama kawaida. Tena huzungumza naye, hazungumzi na wenzake kwa kumtumia yeye. Maneno ya kijiweni husemwa kwa sauti ili kijiwe chote kisikie. Mwanamke ndiye anayeitwa, lakini si yeye anayesemeshwa hasa. Wahenga walisema ya kuwa lila na fila havitangamani.

Fasihi yetu imeliona jambo hili mapema kuliko wahakiki wake. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ambayo mvulana amemwandikia. Wasomaji wengi wameeleza kipigo hicho kuwa ni malezi makali yasiyo na busara, na ndivyo kilivyo. Lakini tukikisoma kwa swali letu twaona jambo jingine: anayeadhibiwa ni yule aliyeandikiwa, si mwandishi wa barua. Rosa anafundishwa ya kuwa maneno ya mwanamume, hata asiyoyaomba, ni kosa lake yeye. Hafundishwi namna ya kuyajibu. Riwaya hii ilipata kuzuiwa mashuleni kwa sababu ilidhaniwa ina maneno machafu. Yafaa tujiulize kama uchafu ulikuwa katika maneno ya mwandishi au katika mambo aliyoyataja.

Mfano wa kinyume ni Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyefariki mwaka 1950, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mahasidi walimtungia wimbo wa kumkebehi kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Siti aliwajibu kwa wimbo, na jibu lake likadumu kuliko kebehi. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kuwa ushahidi wa kipaji. Sisi twaona pia ni ushahidi wa nafasi. Siti alikuwa na jukwaa, na watu waliokuja kwa hiari yao kumsikiliza. Muuza ndizi anayepita Pasua hana jukwaa hilo. Na Siti mwenyewe aliijua tofauti hii, kwani wimbo wake juu ya Kijiti wasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na jinsi muuaji alivyokimbilia bara ilhali wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Aliyesema ndiye aliyelipa.

Historia ya nchi inathibitisha yaleyale. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku nguo fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kabla siku hiyo haijafika, makundi ya wanaume huko Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwazomea na kuwashambulia wanawake waliodhaniwa wamevaa vibaya. Walioandika magazetini kupinga, wakiwamo wanawake wengi, hawakuzungumzia urefu wa sketi tu. Walihoji nani amempa mpita njia ruhusa ya kuwahukumu. Swali hilo ni lile lile la sharti la kwanza la utani.

Na lisidhaniwe ni ugonjwa wa vijiwe na wasiosoma. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na kikundi cha siri cha wanafunzi kilichojiita Mzee Punch, ambacho kiliandika na kuchora kwenye kuta habari za watu kwa dhihaka. Wapo waliokitetea kuwa ni tashtiti, yaani utani wa wasomi. Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na watu wa kikundi hicho, na sauti za wanawake chuoni na nje ya chuo zikapazwa kudai hatua. Kwa upande wa uchambuzi wetu jambo moja latosha kutajwa: ukuta haujibiwi. Mwandishi wake hana jina wala uso, hana kabila wala ukoo, wala hatafika msibani kwa haki ya mtani. Masharti yote matatu hayapo, na bado neno utani lilitumika.

Tufike sasa kwenye jina. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumsumbua mtu kijinsia kwa maneno au kwa vitendo, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo maana ya maneno haya si shughuli ya wanaleksikografia peke yao. Hakimu atasikiliza kwa Kiswahili mshtakiwa akisema "nilimtania", na mlalamikaji akitafuta neno la kueleza yaliyompata.

Maneno yaliyopo ni matatu. Unyanyasaji ni pana mno. Humhusu mwajiri, mzazi, hata serikali. Udhalilishaji, litumikalo sana Zanzibar, lina kasoro nyingine: limejengwa juu ya neno dhalili, na hivyo humfanya mwanamke akiri ya kuwa ameshushwa kabla hajashtaki. Wako wengi wanaonyamaza kwa sababu hawataki kujiita hivyo. Bughudha, kwa maoni yetu, lafaa zaidi kwa mambo ya njiani. Neno hili lasema habari za mtendaji na uchokozi wake, na kumwacha aliyetendewa na heshima yake yote. Mwanamke aweza kusema "amenibughudhi" huku ameinua kichwa.

Twapendekeza basi mambo mawili. Kamusi zetu, zinapoeleza utani, zitaje kurudishiana kuwa sehemu ya maana yake, si pambo la maana hiyo. Na wakusanyaji wa fasihi simulizi, ambao wamejaza madaftari yao maneno ya vijiweni na kuyasifu kwa ubunifu, waandike pia majibu ya wanawake: yaliyosemwa, yaliyoandikwa kwenye kanga, na yale yaliyomezwa. Mkusanyo wa utani wenye upande mmoja si mkusanyo wa utani.

Wapare na Wachagga wa Pasua wamejua kwa muda mrefu namna ya kuambiana maneno makali na kubaki majirani. Elimu hiyo haijapotea. Inatumika kila siku sokoni na misibani. Anayedai ya kuwa anamtania mwanamke njiani aulizwe, kwa Kiswahili hicho hicho cha Pasua, kama yuko tayari kujibiwa.