Kumsubiri Shadow

Kisiwa kinachoelea angani kinabomoka. Saa iliyo kwenye skrini inahesabu kurudi nyuma, wenzako wameshafika ukingoni, na chombo cha kuwaokoa kiko chini yao. Gemu inakuuliza: unaruka, au unasubiri? Aliyebaki nyuma ni Shadow, mamluki mficha uso, ambaye tangu mwanzo amekuwa akijiunga na kikosi kwa malipo na kuondoka akijisikia, mara nyingine katikati ya safari, bila kuaga. Ukiruka mapema, ndiyo basi, hutakuwa naye tena. Ukiiacha saa ikimbie mpaka sekunde za mwisho kabisa, anatokea mbio na mnaondoka pamoja.

Mwandishi mvivu angempa Shadow hotuba ya kututoa machozi. Watengenezaji wa Final Fantasy VI, iliyotoka Japani Aprili 1994, walimpa mchezaji kazi ya kukaa tu, mikono ikitoka jasho. Anayemsubiri mtu huku ardhi inakatika chini ya miguu ameshakuwa rafiki yake, na hakuna aliyemwamuru awe.

Gemu za namna hii, ambazo vijana huziita RPG, humpa mchezaji kikosi cha wahusika akiongoze katika hadithi inayoweza kuchukua saa arobaini na zaidi. Wengi huzisifia vita vyake au muziki wake, na muziki ambao Nobuo Uematsu aliitungia Final Fantasy VI unastahili sifa zote. Mimi huduwazwa na kazi nyingine: namna watu kumi na kitu wanavyoundwa wakawa kikundi, si orodha ya majina. Final Fantasy VI ina wahusika 14 wa kudumu na haina shujaa mkuu. Waliitengeneza watu wengi, na wahusika wakazaliwa kwa watu tofauti. Edgar na Sabin, wana wa mfalme waliozaliwa pacha, walitoka kwa Kaori Tanaka. Shadow na Setzer walitoka kwa Tetsuya Nomura. Kikundi kiliandikwa na kikundi, na hilo linaonekana, maana hakuna mhusika anayeongea kwa sauti ya mwenzake.

Kila mmoja amepewa namna yake ya kupigana, na humo ndimo tabia yake ilimowekwa. Sabin, aliyeuacha ufalme akaenda milimani kujifunza ngumi, anakutaka ubonyeze vitufe kwa mpangilio maalumu, haraka, kana kwamba na wewe unajifunza. Setzer, mcheza kamari, anazungusha magurudumu ya bahati na huwezi kuwa na hakika naye. Kisha yupo Cyan. Mkewe na mtoto wake waliuawa kwa sumu iliyotiwa katika maji ya ngome yao. Upanga wake hauna haraka: unasimama ukiangalia namba zikipanda, moja, mbili, tatu, hadi nane kwa pigo kubwa kuliko yote, na muda wote huo adui anaendelea kukuchapa. Wachezaji wengi humweka benchi kwa sababu hiyo hiyo. Naona wamekosea. Mfiwa ni mtu anayekuchelewesha, na gemu hii haimwombei radhi.

Angalia pia habari za mmoja zinavyofika kupitia kisa cha mwingine. Baba yao alipofariki, Edgar na Sabin walirusha sarafu kuamua nani abaki na kiti cha enzi na nani aende huru. Sabin akapata uhuru. Saa nyingi baadaye, Celes, mwenzao kikosini, anataka Setzer awasaidie kwa chombo chake cha angani, wanawekeana dau, anarusha sarafu aliyopewa na Edgar, anashinda. Setzer anaikagua: ina sura ile ile pande zote mbili. Kama Sabin yumo kikosini siku hiyo, anaiona na kuelewa kaka yake alifanya nini usiku ule. Tukio lilikuwa la Celes na Setzer; ndugu wawili walisimama pembeni tu, na ndio waliobadilika.

Halafu waandishi wanathubutu kumpa adui ushindi. Dunia inaharibika, mwaka unapita, Celes anaamka kisiwani akiwa karibu peke yake. Kuanzia hapo unawatafuta wenzako mmoja mmoja, na gemu haikulazimishi kuwapata wote. Wachache tu wanatosha kufika mwisho. Cyan utamkuta juu ya mlima, akimwandikia barua msichana ambaye mchumba wake amekufa, akijifanya yeye ndiye mchumba huyo, ili msichana asikate tamaa. Ukimpita, hadithi inaendelea vizuri tu bila yeye. Ukienda kumtafuta, ni kwa sababu umemkumbuka.

Sisi wa Rungwe, nchi ya Wanyakyusa huku Tanzania, tuna sababu yetu ya kuutambua ufundi huu. Katika miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, waliishi na Wanyakyusa. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyeyaandika mengi waliyoyakusanya. Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake Good Company, kuhusu vijiji vya marika. Mvulana alipofika miaka kumi hivi aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake wa rika moja walijijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walipooa, wake waliletwa pale pale, na vibanda vikawa kijiji kamili. Majirani wa maisha yako yote hawakuwa kaka zako wa tumbo moja, walikuwa rika lako.

Lakini chakula kilibaki kwa mama. Wavulana walikwenda kula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nikiwa mtu wa kuandika hadithi ningelala njaa siku nzima kwa ajili ya wazo kama hilo. Kanuni moja ya mlo inafanya kazi ya sura ishirini: kila kijana anajua mama wa mwenzake anapikaje, nyumba ipi ndizi hazitoshi, nani ana aibu kukaribisha, nani hula kwa wengine kwa furaha na siku ya kwao ana udhuru. Hakuna aliyehubiriwa umoja. Waliwekewa njia ya kupita kila siku, na tabia za watu zikajitokeza njiani.

Yoshitaka Murayama aliijua siri hiyo kwa njia yake. Suikoden, gemu aliyoitengenezea Konami mwaka 1995, inachukua hesabu ya mashujaa 108 kutoka riwaya ya kale ya Kichina. Watu 108 huwezi kuwapa kila mmoja historia ndefu, na Murayama hakujaribu. Aliwapa ngome moja. Ni gofu unapoipata, na kila anayejiunga anaongeza kitu: huyu anapika, yule anajenga bafu, mwingine anaunda lifti, mwingine anafungua duka. Wengine hawajui kushika silaha kabisa. Ukirudi kutoka vitani unapita koridoni na kuwakuta wamo, kila mtu mahali pake, na ngome iliyokuwa kimya ina kelele za watu. Murayama alifariki Februari 2024, na gemu yake ya mwisho, Eiyuden Chronicle: Hundred Heroes, iliyofuata njia ile ile, ikatoka Aprili mwaka huo huo.

Rika halisi, hata hivyo, nimelikuta katika Final Fantasy XV ya mwaka 2016. Vijana wanne ndani ya gari moja: Noctis, mrithi wa ufalme, Gladiolus, mlinzi wake, Ignis, mshauri na mpishi, na Prompto, rafiki wa shuleni mwenye kamera. Jua likizama wanapiga kambi. Ignis anapika, na Prompto anawaonyesha picha alizopiga siku hiyo, nyingine zimekaa upande, nyingine nzuri ajabu. Hadithi kuu ya gemu hiyo ina matundu, nakiri, na sehemu zake za mwisho zinakwenda mbio kama watengenezaji walifukuzwa. Ila katikati yake Ignis anapofuka macho. Kikosi kinaingia kwenye machimbo, Ignis anatembea kwa fimbo, na ukikimbia mbele kama ulivyozoea, Gladiolus anakukaripia. Inabidi upunguze mwendo wako mwenyewe, kwa kidole chako mwenyewe. Na kambini hakuna tena wa kupika vile.

Mabanda ya gemu ya hapa kwetu Tukuyu si mahali pa kuyaona haya. Biashara ya banda inakwenda kwa mechi, dakika chache na mwingine anasogea, kwa hiyo gemu za mpira zinatawala, na mji ambao timu yake, Tukuyu Stars, yaani Banyambala, ilibeba ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 hauhitaji kushawishiwa kuupenda. Gemu ya saa arobaini inataka simu au kompyuta yako mwenyewe na mvua ndefu. Mvua, Tukuyu tunayo.

Sisifu kila kitu. Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian, ya Ubelgiji, iliyotoka Agosti 2023, ina waigizaji wa kiwango cha juu sana, na ugomvi wa wahusika wake wawili, Lae'zel na Shadowheart, kambini umeandikwa kwa mkono wa fundi. Lakini kila uamuzi ukiufanya, maandishi yanatokea pembeni kukwambia nani amependezwa na nani amechukia. Wenzako wanakuwa wahasibu. Mass Effect 2 ya mwaka 2010 inakwenda kwa mpango ulionyooka mno: msaidie kila mwenzako shida yake moja, upate utiifu wake. Inasisimua, hasa mwishoni ambapo yeyote anaweza kufa kwa uzembe wako, lakini urafiki wenyewe una harufu ya ofisi.

Afrika nayo imeshaanza kutengeneza gemu za namna hii. Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, na badala ya kikosi ikachagua ndoa: Enzo, mrithi aliyepinduliwa, na mkewe Erine, anayepigana kando yake. RPG nyingi humalizia hadithi kwa harusi. Hawa walianzia hapo.

Rungwe ingeweza kutoa kikosi kizima. Kwa Wanyakyusa wa zamani, wakati wa kukabidhiana madaraka nchi iligawanywa kwa wana wawili wa malafyale, yaani chifu, mioto ya zamani ikazimwa, moto mpya ukapekechwa, na wakuu wa vijiji wakateuliwa kutoka kwa watu wa kawaida, si kwa wana wa chifu. Walinzi wa kijiji walisemekana kuwa na chatu tumboni, nguvu ile ile ya wachawi, na adui walimwona ndotoni. Majirani wakikunung'unikia kwa haki, pumzi yao ilikuletea ubaridi na ugonjwa. Katika gemu ya namna hiyo kipimo cha urafiki kisingehitaji kuandikwa pembeni. Ungeamka unatetemeka na kuanza kujiuliza ulimkosea nani. Saa zake za kwanza zisingekuwa na upanga hata mmoja: kujenga vibanda, kuchunga ng'ombe wa baba, na kubishana kesho mnakula kwa mama wa nani.