Kodi na Jina: Mwanamke wa Mjini katika Afrika ya Wabelgiji

Aghalabu maandishi juu ya mwanamke na ukoloni huishia katika hesabu ya faida na hasara: shule na hospitali upande mmoja, mashamba na heshima iliyopotea upande wa pili. Makala ya Nancy Rose Hunt, yaliyotoka mwaka 1991, yalifuata njia nyingine, na kwa sababu hiyo yanawafaa watu wa isimu ingawa yaliandikwa na mwanahistoria. Hunt anachunguza jina. Anauliza utawala wa Kibelgiji ulimwitaje mwanamke wa mjini asiye na mume, na kuitwa hivyo kulimfanyia nini.

Mambo yenyewe ni haya. Katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, mke aliyetambuliwa na sheria hakutozwa kodi yake mwenyewe. Mwanamke asiye na mume alitozwa. Makaratasi ya serikali yalimwita mwanamke “anayeishi peke yake kinadharia”. Kwa kifupi, “mwanamke huru”. Ajabu ya neno hilo “kinadharia”! Karani amekwisha kumshuku mtu kabla ya kumwona. Mjane mwenye wajukuu, mtalaka anayejitafutia riziki, na yule anayeuza mwili wake, wote walitiwa katika fungu moja. Dekreti ya mwaka 1950 juu ya ndoa za wake wengi ilizidisha utata: mke wa pili aliyeolewa baada ya sheria kuanza kutumika alikuwa mke mbele ya wazee wake, lakini mbele ya serikali hakuwa mke wa mtu.

Sehemu yenye nguvu zaidi ni ile ya Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ambako wanawake Waswahili waliipinga kodi hiyo katika miaka ya 1950. Hunt anaonyesha vema kwamba ugomvi haukuwa wa faranga tu. Kulipa kulikuwa kukubali kuitwa malaya.

Hata hivyo hoja hiyo ingeweza kusukumwa mbele zaidi. Wanawake wa Buyenzi walikuwa na lugha ya kujibia. Katika Kiswahili cha Waislamu, mjane ni mjane, naye mtalaka ni mtalaka. Kila mmoja ana eda yake, haki zake na heshima yake, wala hakuna neno moja linalowakusanya wote kwa aibu. Utawala ulipoleta neno hilo moja, walilikataa kwa maneno waliyokuwa nayo tayari.

Katika kambi za Union Minière huko Katanga hali ilikuwa tofauti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na wake zao, na mke akapewa posho kwa kazi ya mumewe. Miongoni mwa waliokuja kambini walikuwamo Babemba na Balamba, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Ugenini ukoo huo ulikuwa mbali. Mume akawa ndiye mlango wa nyumba, wa chakula na wa jina. Aliyekosa mume aliitwa ndumba, na neno hilo likakaa. Yafaa pia kukumbuka kwamba kijijini mjane hakuwa huru kila mahali: pengine alirithiwa na ndugu wa marehemu. Mji ulimfungulia njia ya kutoroka, kisha ukamtoza kodi kwa kuipita.

Neno “huru” lenyewe lastahili utafiti wake. Mwaka 1960 lilikuwa sifa ya taifa zima, hali mwanamke aliyeitwa hivyo alikuwa ametukanwa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotungwa na wananchi wenyewe, bado ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba unaomhusu yeye binafsi. Kifungu hicho kilibadilishwa mwaka 2016.