Juu ya Neno "Kurithi" katika Upandikizaji wa Mapafu

Wafasiri wengine huandika kwamba mgonjwa aliyepandikizwa mapafu "amerithi" pumu ya mtoaji. Neno hili halifai. Mwaka 1993 madaktari Corris na Dark wa Uingereza walieleza habari za wagonjwa 2 wasiokuwa na pumu, ambao waliipata baada ya kupewa mapafu ya watoaji wenye pumu hafifu. Na wengine 2, wenye pumu, ambao hawakuipata tena walipopewa mapafu mazima. Hapa maradhi yalifuata kiungo, si ukoo. Katika tiba, kurithi ni kupokea kwa wazazi. Msomaji atawahofia bure watoto wa mgonjwa. Twapendekeza iandikwe "pumu ya pafu la mtoaji", na "kurithi" libaki katika mambo ya uzazi.