Jumbe tatu, miaka 17: kasoro ya Needham na Schroeder ilivyonaswa

Desemba 1978, Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha katika jarida la Communications of the ACM njia za kuziwezesha kompyuta mbili kutambuana kabla ya kupeana siri. Mojawapo, inayotumia funguo za umma, ilisomwa na kuchambuliwa na mabingwa kwa miaka 17 bila kasoro yake kuonekana, ingawa kiini chake ni jumbe tatu tu. Mwaka 1995 Gavin Lowe wa Chuo Kikuu cha Oxford akaianika. Siri ya ushindi wake ilikuwa namna alivyomwandika adui.

Tuitazame itifaki yenyewe. Asha anataka kuwasiliana na Bakari. Kila mtumiaji ana ufunguo wa umma unaojulikana na wote, na ufunguo wa siri anaoujua peke yake; ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa umma wa Bakari hufunguliwa na Bakari tu. Kwanza, Asha anamtumia Bakari jina lake na namba ya nasibu aliyoitunga papo hapo, vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa Bakari. Pili, Bakari anairudisha namba hiyo pamoja na yake mwenyewe, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa Asha. Tatu, Asha anairudisha namba ya Bakari, nayo imefungwa. Kila mmoja anaridhika, kwani ni mwenye ufunguo wa siri tu angeweza kuisoma namba aliyotumiwa.

Mwaka 1989 Michael Burrows, Martín Abadi na Needham mwenyewe walitoa mantiki ya BAN ya kuchambulia itifaki za aina hii. Waliipima na hii pia, lakini shambulio halikujitokeza. BAN hufuatilia mhusika anaamini nini baada ya kila ujumbe, na huchukulia kwamba wahusika wenyewe ni waaminifu. Mwizi anayetafutwa yuko nje ya mlango.

Lowe alitumia CSP, lugha ya modeli ya Tony Hoare, ambayo nayo ilitokea katika jarida lile lile mwaka ule ule wa 1978. Katika CSP kila mhusika ni mchakato unaotenda matukio kwa mpangilio: Asha anatuma, anapokea, anatuma tena. Mvamizi naye ni mchakato. Kwa kufuata wazo la Danny Dolev na Andrew Yao, anaweza kusikia kila ujumbe, kuuzuia, kuurudia, au kutunga mpya kutokana na anachokijua. Asichoweza ni kufungua fumbo bila ufunguo wake. Modeli ya Lowe ilikuwa pia na sharti moja zito: mvamizi huyo ni mtumiaji halali wa mtandao, ana ufunguo wake, na Asha anaweza kuanza naye mazungumzo kwa hiari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha akaandika sharti la usalama: Bakari akimaliza mazungumzo akiamini yu na Asha, basi Asha awe kweli aliyaanza na Bakari. Programu iitwayo FDR ikapita kila hali ambayo modeli ingeweza kuifikia, ikatoa mfuatano wa matukio unaolivunja sharti hilo.

Mfuatano ni huu. Asha anaanza mazungumzo na Chande, mtumiaji halali mwenye nia mbaya. Chande anaufungua ujumbe, anaufunga upya kwa ufunguo wa Bakari na kuupeleka kwa jina la Asha. Jibu la Bakari limefungwa kwa ufunguo wa Asha, kwa hiyo Chande hawezi kulisoma. Analipitisha tu kwa Asha kana kwamba ni lake. Asha anaikuta namba yake humo, anaridhika, na anamrudishia Chande namba ya Bakari. Chande anaipeleka kwa Bakari, na mlango umefunguka. Kama Bakari ni benki, Chande sasa anaweza kuagiza fedha kwa jina la Asha.

Dawa ilikuwa neno moja: Bakari aweke jina lake katika ujumbe wa pili. Asha akiliona jina la Bakari mahali alipotarajia la Chande, anasitisha. FDR haikupata shambulio katika toleo hilo. Modeli ilikuwa na mwanzishaji mmoja na mjibuji mmoja, hivyo Lowe alithibitisha kwa mkono kwamba kama mfumo mkubwa ungekuwa na shambulio, huu mdogo nao ungekuwa nalo. Hata hivyo, uthibitisho huo unachukulia kwamba fumbo lenyewe halivunjiki.

Wahandisi wa mifumo ya taarifa wamelifuata kwa njia zao wazo hilo la kumwandika adui ndani ya modeli. Mchoro wa matumizi wa UML, lugha ya kuchorea mifumo, huonyesha anachotaka mteja na karani. Guttorm Sindre na Andreas Opdahl walipendekeza kuchora humo pia matumizi mabaya na mtendaji wake, na UMLsec ya Jan Jürjens huuwekea mchoro masharti ya usalama yanayopimwa dhidi ya adui mwenye uwezo uliotajwa bayana. Zana hizi hujibu kile tu zilichoulizwa. Kwa hiyo, kabla mchoro wa mfumo haujapitishwa, mwenye kuukagua atafute ndani yake mtu mwenye akaunti halali na nia mbaya. Asipomwona, mchoro haujakamilika.