Kitambaa cha kuwashia moto: video zinaonyesha jinsi, hazisemi kwa nini

Mtandaoni zimejaa video za watu wanaowasha moto bila kiberiti. Wanagonga chuma kwenye jiwe, cheche inadondokea kwenye kitambaa cheusi, kinaanza kuwaka taratibu bila ndimi za moto, wanakifunga kwenye nyasi kavu na kupuliza. Zinavutia kweli. Ila mwanafunzi wa Ifakara akiziiga kama zilivyo, atagonga mpaka achoke.

Tuanze na wanachopatia: kitambaa kwenye kopo lenye mfuniko, tundu dogo juu, weka kwenye makaa mpaka moshi uishe, usifungue kabla halijapoa. Sawa kabisa. Kosa ni pale wanaposema "kitambaa chochote". Mitumba mingi ina poliesta, nayo inayeyuka tu. Inatakiwa pamba tupu. Choma uzi mmoja: pamba huacha majivu laini, poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu.

Kosa la pili ni jiwe. Wanasema cheche inatoka kwenye gumegume. Siyo! Jiwe gumu linakwangua chembe za chuma, na chembe hizo ndizo zinazowaka zikikutana na hewa. Ndiyo maana huhitaji gumegume la Ulaya, ambalo hutalipata kwenye tope la mashamba ya mpunga ya Kilombero. Kipande cha kwatzi chenye ukingo mkali, yale mawe meupe yanayoshushwa na mito ya Udzungwa, kinatosha. Chuma ndicho cha kuchagua: tupa kuukuu ina kaboni nyingi na imekomazwa, nondo ya kawaida haikufikishi popote.

Lakini lawama yangu kubwa ni kwamba hawaelezi kinachotokea ndani ya kopo. Hewa haitoshi, kwa hiyo pamba haiungui. Joto linaivunja, gesi zinatoka kwa tundu, kaboni inabaki. Kaboni hiyo ni nyepesi na ina vitundu vingi, ndiyo maana cheche moja inatosha.

Sasa, hii si ndiyo kazi ya tanuru la mkaa? Udongo na nyasi ndiyo kopo, magogo ndiyo kitambaa. Mchoma mkaa wa bondeni anajua kwamba moshi mweupe mzito ukigeuka mwembamba wa bluu, kazi inakaribia kwisha, na kwamba akifukua mapema mkaa utashika moto. Hiyo ni kemia, ingawa mtihani wake hauandikwi na mtu.

Mwalimu anayeonyesha video hizi darasani bila kutaja tanuru anawafundisha watoto kwamba sayansi inatoka mbali. Hapo ndipo hasara ilipo.

Ukijaribu, fanyia nje: moshi ule una kaboni monoksidi. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, kitambaa chako kihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri. Kikinyonya unyevu, hata tupa nzuri haitakusaidia.